Somo la 24: Mali ya marehemu na shule ya maskini

1. Mzee na michikichi yake

Wanafunzi wapenzi, sikilizeni kwanza mfano.

Tuseme kuna mzee mmoja kijijini kwetu. Ana shamba la michikichi mia moja. Aliipanda kwa mikono yake alipokuwa kijana. Kila mwaka watu wake huchuma ngazi, hukamua mawese na kuyauza sokoni. Sasa mzee ni mgonjwa. Anajua ya kuwa siku zake zimekaribia mwisho. Anawaita watoto wake pamoja na wazee watatu wa kijiji, anawaambia:

"Wanangu, nikifa, msiikate michikichi hii, wala msiiuze. Kila mwaka chumeni ngazi, uzeni mawese. Fedha mtakazopata zigawanyeni mafungu kumi. Fungu moja ni la mayatima wa kijiji hiki: wanunulieni madaftari, kalamu na nguo za shule. Mafungu tisa yanayobaki ni yenu."

Kisha mwalimu anaitwa. Anayaandika maneno hayo katika karatasi. Anayasoma kwa sauti ili wote wayasikie. Mzee anaweka alama ya kidole chake, na wale wazee watatu wanaweka alama zao.

Karatasi hiyo inaitwaje? Inaitwa wasia. Wasia ni maneno ya mtu juu ya mali yake, ambayo hutimizwa baada ya kufa kwake.

Tazameni vizuri jambo moja. Mzee hakusema, "Uzeni shamba, mkawape mayatima fedha." Angesema hivyo, mayatima wangekula mwaka mmoja, halafu basi. Alisema mti ubaki, tunda ligawanywe. Mti ndio mtaji. Tunda ndilo faida. Mwenye kula tunda atakula tena mwakani. Mwenye kukata mti atakula leo tu.

Lakini mzee akifa pasipo kusema neno? Ninyi wenyewe mmekwisha kuona mambo hayo. Kilio hakijaisha, na ndugu wamekwisha kufika. Huyu anachukua baiskeli, huyu anachukua mbuzi, huyu anachukua mabati. Mjane anabaki na sufuria yake, na mtoto anaacha shule. Ndiyo maana somo hili si habari ya matajiri tu.

2. Nyumba ya Philadelphia

Habari ya mzee ni mfano tu. Sasa nitawasimulia habari ya kweli. Haikutokea kwetu, ilitokea ng'ambo ya bahari kubwa, katika nchi ya Marekani. Lakini mtaona kwamba sheria ya mti na tunda ni ile ile.

Katika mji wa Philadelphia aliishi bwana mmoja, jina lake Francis Anthony Drexel. Kazi yake ilikuwa ya benki, yaani kutunza fedha za watu na kuzikopesha. Alikuwa tajiri sana. Lakini watu wa nyumba yake walijua ya kuwa kila jioni, akirudi kutoka kazini, alikwenda kwanza chumbani kwake kusali.

Alikuwa na binti watatu: Elizabeth, Katharine na Louise. Katharine alizaliwa tarehe 26 Novemba 1858. Mama yake alikufa majuma machache tu baada ya kumzaa. Baadaye baba alimwoa Emma Bouvier, ambaye aliwalea watoto wote kwa upendo mmoja. Louise, kitinda mimba, ndiye aliyezaliwa na Emma.

Siku fulani za kila juma, Mama Emma alifungua mlango wa nyumba yake. Maskini wa mji walikuja. Mmoja hakuwa na chakula, mwingine hakuwa na viatu, mwingine alishindwa kulipa kodi ya nyumba. Mama aliwasikiliza wote, na wale binti watatu walimsaidia. Tena, walipokaa katika nyumba yao ya shamba wakati wa joto, Elizabeth na Katharine waliwakusanya watoto wa wafanyakazi kila Dominika, wakawafundisha dini. Hivyo Katharine alikuwa mwalimu kabla ya kuwa sista.

Mnaona? Francis Drexel aliwaachia binti zake fedha nyingi. Lakini kwanza yeye na mkewe waliwaachia desturi njema. Fedha bila desturi njema ni kama kisu mkononi mwa mtoto mdogo.

3. Wasia wa baba

Mama Emma alikufa mwaka 1883. Bwana Drexel naye alikufa ghafula mwezi wa Februari 1885. Wasia wake ulipofunguliwa na kusomwa, mji mzima ulistaajabu. Mali yake ilikuwa karibu dola 15,500,000. Siku zile hizo zilikuwa fedha nyingi mno.

Wasia ulisema hivi kwa ufupi:

Kwanza, fungu moja la kumi litolewe mara moja kwa nyumba za huruma: nyumba za mayatima, hospitali, shule na kazi nyingine za kuwasaidia watu.

Pili, mafungu tisa yanayobaki, karibu dola 14,000,000, yatunzwe na walinzi wa mali. Binti watatu wapewe faida tu, sawasawa. Mtaji wasiuguse.

Tatu, binti mmoja akifa, fungu lake liende kwa watoto wake. Asipokuwa na mtoto, faida yake iende kwa dada zake waliobaki.

Nne, wote watatu wakifa bila kuacha watoto, mtaji wote upewe zile nyumba za huruma zilizotajwa katika wasia.

Siku moja nilipofundisha somo hili, mwanafunzi mmoja aliinua mkono, akauliza: "Bruda, baba huyo hakuwapenda binti zake? Kwa nini hakuwapa mali yote mikononi mwao?"

Nikamjibu: "Mwanangu, aliwapenda sana. Lakini aliogopa. Alijua ya kuwa msichana mwenye mali nyingi hupata wachumba wengi, na wengine humpenda si yeye, bali mfuko wake. Mtu wa namna hiyo akimwoa, anaweza kumaliza mali yote katika miaka miwili. Basi baba akaufungia mti ndani ya ua, akawapa binti zake tunda."

Likumbukeni sana neno la nne la wasia huo. Tutalirudia mwishoni, maana ndilo lililogeuka kuwa jaribu kubwa.

4. Watoto wasio na shule

Katika nchi ile ile yenye benki kubwa kulikuwa na watoto wengi waliokosa shule.

Wa kwanza walikuwa watoto wa watu weusi. Babu zao walichukuliwa kutoka Afrika, wakauzwa utumwani. Watu wengine walitoka hata katika nchi za mto wetu Kongo. Wakati wa utumwa, sheria za majimbo mengi ya kusini zilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Kwa nini? Kwa sababu bwana wa watumwa aliiogopa akili ya mtu anayejua kusoma. Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa katika nchi yote. Lakini kufungua minyororo ni jambo moja, na kupata mwalimu ni jambo lingine. Huko kusini watoto weusi walitengwa na watoto weupe. Shule zao zilipewa fedha kidogo, na vijiji vingi havikuwa na shule yo yote.

Wa pili walikuwa watoto wa wenyeji wa asili, ambao Wazungu waliwaita Wahindi. Hawa ndio waliokaa katika nchi ile kabla ya watu wote. Walinyang'anywa mashamba na mapori yao, wakasukumwa kukaa katika sehemu zilizotengwa, na mara nyingi ardhi yake ilikuwa mbaya.

Mwaka 1884 Bwana Drexel alisafiri na binti zake mpaka magharibi ya Marekani, na huko Katharine aliiona taabu ya wenyeji kwa macho yake. Baba alipokwisha kufa, mapadri wa misioni za huko walikuja Philadelphia kuomba msaada. Katharine akaanza kutoa. Shule ya kwanza aliyoijenga ilikuwa katika mji wa Santa Fe, mwaka 1887, kwa ajili ya watoto wa wenyeji.

5. Kutoa fedha, kisha kujitoa mwenyewe

Mwezi wa Januari 1887 binti watatu walikuwa Roma. Wakapata ruhusa ya kuonana na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu. Katharine akapiga magoti, akamwomba atume wamisionari kwa wenyeji wa Marekani, kwa sababu yeye alikuwa na fedha za kujenga shule, lakini hakuwa na watu wa kufundisha ndani yake.

Baba Mtakatifu akamtazama, akamwuliza kwa nini yeye mwenyewe asiwe mmisionari.

Katharine hakutegemea jibu hilo. Alitoka nje akilia. Alikuja kuomba watu, na sasa alikuwa anaombwa yeye! Wanafunzi, pengine ni rahisi kutoa franka mia kuliko kutoa siku moja. Ni rahisi kutoa vitu kuliko kujitoa.

Alifikiri na kusali zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1889 aliingia kwa masista wa mji wa Pittsburgh ili ajifunze maisha ya kitawa. Tarehe 12 Februari 1891 aliweka nadhiri, akawa sista wa kwanza wa shirika jipya: Masista wa Sakramenti Takatifu. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha watoto weusi na watoto wa wenyeji wa Marekani.

Dada zake nao hawakukaa bure. Elizabeth alishiriki na dada zake kujenga shule ya ufundi kwa wavulana mayatima, kwa ukumbusho wa baba yao. Louise na mume wake walijenga huko Virginia shule ya kilimo na ufundi kwa wavulana weusi, nayo ilianza mwaka 1895. Hivyo mti mmoja wa baba uliwalisha watoto wa mahali pengi.

6. Fedha zilifanya kazi gani?

Mama Katharine, maana sasa tutamwita hivyo, alikuwa mchungu wa fedha kwa ajili yake, mkarimu kwa ajili ya wengine. Watu waliokaa naye wanasimulia ya kuwa aliandika kwa kalamu ya risasi mpaka ikawa fupi kama kidole, na viatu vyake alivaa mpaka vikachakaa kabisa. Alijua ya kuwa kila dola anayoitumia ovyo ni dola iliyotolewa mfukoni mwa mtoto wa shule.

Faida ya kila mwaka ilinunua viwanja, ilijenga madarasa, ililipa walimu. Katika mashamba ya Louisiana shule ndogo zilijengwa vijijini, na kwa watoto wengi weusi wa huko hizo ndizo zilizokuwa shule za kwanza.

Kazi haikuwa rahisi. Mwaka 1905 alitaka kufungua shule ya wasichana weusi katika mji wa Nashville. Alijua ya kuwa mwenye nyumba hatakubali kuuza akisikia shule ni ya nani. Basi nyumba ilinunuliwa kwa mkono wa mtu mwingine. Mwenye nyumba alipojua, alikasirika, akataka airudishiwe. Watu wa mtaa walipiga kelele. Mama Katharine aliwajibu kwa adabu, lakini nyumba hakurudisha. Shule ikafunguliwa mwaka ule ule.

Kisha akaona shida nyingine. Shule nyingi, lakini walimu wako wapi? Watoto weusi hawakukubaliwa katika vyuo vingi vya kusini. Basi mwaka 1915 alifungua shule katika mji wa New Orleans. Mwaka 1917 ikaanza kufundisha walimu. Mwaka 1925 ikawa chuo kikuu, na jina lake ni Xavier. Mpaka leo chuo hicho kipo. Waganga wengi na watengenezaji wengi wa dawa, watoto wa watu weusi wa Marekani, wamesomea huko.

Hata serikali ilijifunza kitu. Kodi ilikuwa inakula sehemu kubwa ya faida yake. Mwaka 1924 Bunge la Marekani likabadili sheria: mtu aliyetoa sehemu tisa kati ya kumi za mapato yake kwa kazi za huruma, muda wa miaka kumi mfululizo, asitozwe kodi ya mapato. Watu wachache mno walifaa kwa sheria hiyo. Mama Katharine alifaa.

Lakini mwalimu hapaswi kuwaficha wanafunzi ukweli. Siku zile, katika shule nyingi za bweni za watoto wa wenyeji wa Marekani, za serikali na za madhehebu, watoto walitengwa na wazazi wao. Walikatazwa lugha yao na desturi za babu zao. Wengine waliteswa. Mwaka 2024 maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliomba msamaha kwa sehemu ya Kanisa katika makosa hayo. Jifunzeni hapa: anayetoa shule haitoshi awe na moyo mwema. Amwulize pia mzazi wa mtoto: "Ninyi mnataka nini kwa mtoto wenu?" Shule isiyomheshimu mama wa mtoto humpa mtoto kitabu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine humnyang'anya nyumba.

7. Neno la nne la wasia

Sasa turudie lile neno la nne.

Elizabeth aliolewa mwaka 1890, akafa mwaka ule ule pamoja na mtoto aliyekuwa anamzaa. Louise naye aliolewa, lakini hakupata mtoto, akafa kabla ya Katharine. Katharine alikuwa sista. Basi, kama wasia ulivyosema, faida yote ikaja kwake peke yake. Lakini baada yake hakukuwa na mrithi.

Wasia ulisemaje? Wote wakifa bila watoto, mtaji upewe nyumba za huruma zilizotajwa. Nani walitajwa? Wale waliokuwako mwaka 1885. Shirika la masista wa Katharine lilianza mwaka 1891. Baba yake alikwisha kufa miaka sita nyuma. Hakulijua, wala hakuliandika.

Fikirini jambo hilo, wanafunzi. Siku Mama Katharine atakapofumba macho, shule zake hazitapata tena hata dola moja ya mali ya baba yake. Yeye alilijua hilo kwa miaka mingi. Masista wake walilijua pia. Mtu mwingine angesema: "Baba angaliona shule hizi, angalibadili neno lake. Basi nitalibadili mimi." Mama Katharine hakuuvunja wasia. Mali ilikuwa ya baba, na neno lilikuwa la baba. Yeye alipewa tunda. Mti haukuwa wake.

Mwaka 1935 alipata ugonjwa mkubwa wa moyo. Akaacha kuongoza, akakaa karibu miaka ishirini katika sala. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema ya kuwa si haki kuwatenga watoto weusi na watoto weupe katika shule za serikali. Yeye alikuwa hai bado. Alikufa tarehe 3 Machi 1955, mwenye umri wa miaka 96. Shule zake zilikuwa zaidi ya sitini, na masista karibu mia tano. Fedha alizotoa maisha yake yote zilikuwa karibu dola milioni ishirini.

Baada ya mazishi, mtaji uligawanywa kwa zile nyumba za huruma, kama Francis Drexel alivyoandika miaka sabini nyuma. Masista walibaki na shule zao na mikono yao. Ilibidi watafute njia nyingine: karo, sadaka za Wakristo, msaada wa wanafunzi wao wa zamani. Shule nyingine zilifungwa baadaye. Ile ya Santa Fe ilifungwa mwaka 1998. Lakini wale waliosoma ndani yake hawakufungwa. Mwalimu aliyefundishwa alikwisha kufundisha wengine.

Tarehe 1 Oktoba 2000, huko Roma, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Katharine Drexel kuwa mtakatifu. Siku hiyo hiyo alimtangaza pia Josephine Bakhita. Huyu Bakhita alizaliwa Sudani. Alipokuwa mtoto aliibwa, akauzwa utumwani mara nyingi. Baadaye alipata uhuru katika Italia, akawa sista. Mmoja alizaliwa na mali, mwingine aliuzwa kama mali. Kanisa likawaweka pamoja siku moja.

8. Sisi je?

Labda mmoja wenu anasema moyoni: "Habari hii ni ya watu wa benki. Baba yangu ana jembe na kuku wanne."

Mtoto mpenzi, sikiliza. Wasia haungojei mamilioni. Mwenye michikichi kumi anaweza kusema neno juu ya michikichi kumi. Mwenye cherehani anaweza kusema, "Cherehani hii ni ya mjane wangu; mtu asiichukue." Mwenye kipande cha shamba anaweza kusema, "Shamba hili lilipe masomo ya watoto mpaka mdogo amalize." Na sheria humsaidia. Katika Kongo, sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inaukubali wasia, nayo inawaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu wengine katika urithi. Mjomba au baba mdogo anayewafukuza mayatima katika nyumba ya baba yao hafuati mila, anaiba.

Basi, mambo matatu ya kushika:

Kwanza, neno lisemwe mapema, kabla ya homa. Mgonjwa asiyeweza kusema hawezi kuwatetea watoto wake.

Pili, neno liandikwe, na mashahidi wawepo. Neno la mdomo hupeperushwa na upepo wa matanga.

Tatu, anayepewa kulinda mali ya mtoto asiifanye yake. Mlinzi wa shamba hula mshahara wake, hali shamba.

Francis Drexel aliandika karatasi. Karatasi peke yake haikufundisha mtoto hata mmoja kusoma. Ilihitaji binti mwaminifu, aliyekubali kulitimiza neno la baba hata mahali lilipomwumiza. Kila wasia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili huachiwa walio hai.

Maneno ya kujifunza

Wasia: maneno ya mtu juu ya mali yake, yatimizwe baada ya kufa kwake.
Marehemu: mtu aliyekufa.
Mrithi: mtu anayepewa mali ya marehemu.
Mtaji: mali yenyewe inayozaa, mti.
Faida: kinachozaliwa na mtaji, tunda.
Mlinzi wa mali: mtu aliyepewa kutunza mali isiyo yake kwa ajili ya mwenyewe.
Shahidi: mtu aliyeona na kusikia, anayeweza kusema ukweli.

Maswali

1. Kwa nini mzee wa mfano alikataza watu kukata michikichi?
2. Wasia wa Francis Drexel uliwapa binti zake nini, na uliwakataza nini?
3. Kwa nini sheria za utumwa zilikataza mtumwa kujua kusoma?
4. Katharine aliomba nini kwa Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu? Alijibiwa nini?
5. Kwa nini shirika la Mama Katharine halikupata mtaji wa baba yake mwaka 1955?
6. Kijijini kwenu, baba akifa, nani huwalinda mayatima? Wanafanya vema?

Hesabu

1. Mali ya Bwana Drexel ilikuwa dola 15,500,000. Tafuta fungu moja la kumi. Zilibaki dola ngapi?
2. Watu wa mzee wameuza mawese kwa franka 400,000. Fungu moja la kumi ni la mayatima. Kama vitu vya shule vya mtoto mmoja ni franka 8,000, watasaidiwa watoto wangapi?
3. Mwaka wa pili wamekata michikichi 50 kati ya 100, wakauza mbao na mashina. Mwaka wa tatu watapata mawese ya franka ngapi, kama kila mchikichi unazaa sawasawa na zamani? Mayatima wangapi watakosa?

Kazi ya nyumbani

Umwulize mzee mmoja wa jamaa yako: "Babu, nani alikulipia masomo, au nani alikufundisha kazi yako?" Andika jibu lake kwa mistari kumi. Mwishoni uandike jina la mtu mmoja ambaye wewe utamsaidia kusoma, ukiwa mtu mzima.